UZI WA MIKONO YETU
Historia ya kusokota na kupota nyuzi nyumbani



Katika kitabu hiki cha Yubile mtasoma habari za waanzilishi, za majengo na za masakramenti. Sisi tumechagua jambo dogo lisiloandikwa katika daftari lolote la parokia, nalo ni uzi. Tunataka kueleza namna wazee wetu walivyosokota nyuzi nyumbani mwao, sababu gani kazi ile ilikoma karibu kabisa, na kwa nini tunaona ni vema irudi: si kwa ajili ya biashara, bali kama kazi ya mapumziko ya mtu huru.

Huenda mtu atauliza: uzi una nini na Yubile? Tunajibu kwamba Yubile ni wakati wa kurudishiwa. Katika Agano la Kale, mwaka wa Yubile kila mtu alirudia shamba la baba zake, na mtumwa alirudia jamaa yake. Basi ni haki kujiuliza pia mikono yetu ilinyang'anywa nini.

I. KAZI YENYEWE

Kwanza tueleze kazi, maana vijana wengi hawajaiona.

Pamba ikiiva huchumwa ikiwa kavu. Kisha huchambuliwa, ndiyo kusema mbegu hutolewa. Njia ya kwanza ni vidole vitupu. Njia ya pili ni kuweka pamba juu ya jiwe laini au ubao, na kuiviringishia kijiti cha chuma au cha mti mgumu: nyuzinyuzi hubaki nyuma, mbegu hutangulia mbele na kuanguka. Halafu pamba hutawanywa kwa vidole, au hupigwapigwa kwa kamba ya upinde mdogo, mpaka iwe nyepesi kama povu.

Hapo ndipo kusokota huanza. Chombo chake ni kijiti kilichonyooka, chenye kisahani kidogo karibu na ncha yake moja. Kisahani hicho hufanywa kwa udongo uliochomwa, kwa mti au kwa kipande cha kibuyu, na kazi yake ni kukipa kijiti uzito ili kikishazungushwa kiendelee kuzunguka. Mkono mmoja huzungusha, mkono wa pili huvuta pamba polepole. Nyuzinyuzi za pamba ni fupi, kwa kawaida zina sentimeta 2 au 3 tu, na hazina gundi. Kinachozishikamanisha ni msokoto peke yake. Kwa hiyo pamba hutaka kijiti chepesi chenye kuzunguka upesi, na mara nyingi ncha yake ya chini huwekwa ndani ya kigae au bakuli, ili uzito wake usikate uzi ungali mchanga.

Lakini uzi mmoja ulio peke yake hauna amani. Ukiulegeza, hujikunjakunja na kufanya mafundo. Ukiuvuta kwa nguvu, hukatika mahali palipo pembamba. Dawa yake ni kuupota pamoja na mwenzake. Mtu huchukua nyuzi mbili zilizosokotwa upande mmoja, huziunganisha, kisha huzizungusha kwa upande ulio kinyume. Kama kwanza alizungusha kwa kuume, sasa huzungusha kwa kushoto. Kila uzi hutaka kujifungua, na katika kutaka kujifungua humkumbatia mwenzake. Ukitaka kujua kama kazi ni nzuri, ning'iniza kipande chake kama pete: kikitulia, uzi umesawazika; kikijizungusha, msokoto wa kwanza umeushinda wa pili, au wa pili umeuzidi wa kwanza. Mwishoni uzi huloweshwa katika maji na kuanikwa ukauke, na hapo hushika tabia yake.

Kwa kamba za nyavu kuna njia nyingine isiyohitaji kijiti. Mtu hukaa chini, huweka mafungu mawili ya nyuzinyuzi juu ya paja, na kuyasukuma mbele kwa kiganja: kila fungu husokotwa peke yake. Kisha huyarudisha nyuma yote mawili pamoja, nayo hupotana na kuwa kamba. Kwenda ni kusokota, kurudi ni kupota. Kazi mbili hufanyika kwa mwendo mmoja wa mkono.

II. ZAMANI ZA WAZEE

Wako wanaodhani kwamba Mwafrika alifundishwa uzi na wageni. Ardhi yenyewe inakana. Huko Kilwa, katika pwani ya bahari ya Hindi, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta visahani vingi vya kusokotea, vilivyokatwa katika vigae vya vyungu. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa pale zilipelekwa mpaka Misri. Kusini yetu, karibu na mto Zambezi, mahali paitwapo Ingombe Ilede katika nchi ya Zambia, yalifukuliwa makaburi ya watu wakubwa wa karne ya 15 na ya 16 hivi. Walizikwa pamoja na misalaba ya shaba, na juu ya miili yao palibaki vipande vya nguo za pamba.

Mwaka 1859 David Livingstone alipita katika nchi ya mto Shire, iliyo leo Malawi. Aliona karibu kila jamaa ina shamba lake dogo la pamba, na wanaume kwa wanawake wakichuma, wakisokota na kufuma. Watu wa huko walitofautisha pamba mbili: ya kigeni, waliyoiita tonje manga, na ya kwao, waliyoiita tonje kadja. Ng'ambo ya Ziwa Tanganika, Wafipa walijulikana kwa nguo zao nzito za pamba.

Kwetu upande wa magharibi wa ziwa, mavazi yalikuwa ya namna nyingi. Wengine walivaa magome ya mti yaliyopondwa mpaka yakalainika. Katika Maniema watu walivaa nguo za rafia, zile ziitwazo madiba. Nyuzi za rafia hazisokotwi kama pamba, maana jani lenyewe hutoa uzi mrefu ulio tayari. Lakini kila mahali palipokuwa na mwindaji au mvuvi, palikuwa na mpota kamba. Katika msitu wa Ituri, Wambuti hutoa nyuzinyuzi katika gome la mtambaa uitwao kusa, huzipota juu ya paja, na kufuma nyavu za kuwindia. Ukitafakari urefu wa wavu mmoja, wenye makumi ya meta, na matundu yake yote, utaona ni jioni ngapi za familia zimefungwa ndani yake.

Hapa tunaomba msomaji atazame jambo moja. Kazi hii haikuwa na saa yake. Ilifanyika wakati wa kupumzika: baada ya shamba, wakati wa mvua, penye moto, katika mazungumzo. Mkono ulisokota, kinywa kilisimulia, mtoto alisikiliza. Hakuna aliyempima mwenziwe kwa kilo. Wazungu wana neno la kazi ya namna hiyo, ambayo mtu huifanya kwa kupenda wala si kwa kusukumwa. Wazee wetu hawakuhitaji neno la pekee, kwa sababu kwao kupumzika hakukuwa kukaa bure.

III. NGUO YA MERIKANI

Uzi wa nyumbani ulipata adui wa kwanza aliyekuja kwa upole. Kusokota kwa mkono huenda polepole. Mfumi mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ili asikae bila kazi. Huko Uingereza, kutoka miaka ya 1760, watu kama James Hargreaves na Richard Arkwright walitengeneza mashine zilizosokota nyuzi nyingi kwa mara moja. Baadaye viwanda vya Marekani vilifuata, vikitumia pamba iliyolimwa na watumwa waliotoka Afrika.

Mwaka 1833 Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Sultani Said wa Maskati na Unguja. Tangu hapo nguo nyeupe, ngumu na rahisi ilimiminika katika pwani, nayo ikaitwa kwa jina la nchi ilikotoka: merikani. Misafara iliibeba mpaka Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Nyangwe na Kasongo. Ilikuwa nguo na fedha pamoja, maana kwa upande wa merikani mtu alinunua chakula, pembe, na, tunasikitika kusema, hata binadamu mwenziwe.

Hatuwalaumu mama zetu kwa kupenda nguo ile. Nani angesokota siku nyingi kwa nguo moja, ikiwa mfanyabiashara ameleta nyingine mlangoni? Hata hivyo, tangu wakati ule msokotaji alianza kuonekana kama mtu asiye na kitu.

IV. PAMBA YA LAZIMA

Adui wa pili hakuja kwa upole. Mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, Serikali ya Kibelgiji ilianza kulazimisha kilimo cha pamba katika Maniema na Sankuru, na baadaye katika sehemu nyingine nyingi za Kongo. Dekreti ya mwaka 1921 iligawanya nchi katika maeneo, na kila eneo likawekwa chini ya kampuni moja yenye haki ya kununua pamba yote iliyovunwa humo. Mlimaji hakuweza kuchagua mnunuzi, wala hakupanga bei. Dekreti ya mwaka 1933 iliweka siku 60 kwa mwaka za kazi hizo za lazima, na mwaka 1942, wakati wa vita ya pili, zikaongezwa mpaka 120.

Wazee wanakumbuka moniteri wa pamba aliyepita akipima mashamba, mizigo iliyobebwa kichwani mpaka sokoni, na kifungo kwa aliyeshindwa. Mume aliandikwa katika kitabu cha Bulamatari, lakini mke na watoto ndio waliomsaidia kupanda, kupalilia na kuchuma, huku shamba la chakula likingoja.

Basi, tazameni ajabu hii. Hakuna wakati ambapo nchi yetu ilikuwa na pamba nyingi kama wakati ule, na hakuna wakati ambapo mikono yetu ilikuwa na uzi kidogo kama wakati ule. Pamba iliondoka ikiwa na mbegu zake, ikaenda kuchambuliwa katika mashine za kampuni, ikafungwa katika marobota na kupelekwa mbali. Baadaye viwanda vya kusokota na kufuma vilijengwa pia katika Kongo, kama kile cha Filtisaf katika mji wa Albertville, ulio leo Kalemie. Viliwapa watu wengi mshahara, na nguo zake zilivaliwa kwa fahari. Siku hizi kile cha Kalemie nacho kimenyamaza. Lakini mlimaji mwenyewe alikutana na pamba yake tena dukani tu, imekuwa kitambaa chenye bei.

Hapo ndipo tunaona kidonda chenyewe. Mashine ilipunguza thamani ya msokotaji, lakini lazima ilitia uchungu katika pamba yenyewe. Mtu aliyepigwa kwa ajili ya pamba mchana hawezi kuishika usiku kwa furaha. Kwa watu wengi neno pamba likawa jina la kodi, la fimbo na la jua kali. Ndiyo sababu waliotangulia hawakuona haja ya kuwarithisha watoto kijiti cha kusokotea. Ufundi haukufa kwa uvivu. Ulikufa kwa sababu furaha yake ilitolewa.

V. EKLEZIA NA UZI

Je, Eklezia ilikuwa wapi? Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, na mwaka 1893 wakaanzisha misioni ya Kirungu, iliyoitwa Baudouinville. Mwaka uleule wa 1917 ambao pamba ya lazima ilianza, tarehe 21 Julai, Stefano Kaoze alipewa upadri huko Baudouinville, wa kwanza kati ya Wakongomani wa wakati mpya. Hivyo mwaka mmoja uliliona taifa letu likiinuliwa altareni na likiinamishwa shambani. Tunaandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu yalitokea pamoja, na historia iliyo ya kweli haifichi mojawapo.

Masista walifundisha binti zetu kushona, na baadaye, katika nyumba za mafunzo zilizoitwa foyer, wamama wengi walijifunza trikoti. Mafundisho hayo yalikuwa mema, na tunayashukuru. Lakini uzi wenyewe ulitoka dukani. Walifundishwa kutumia uzi. Hawakuulizwa kama kwao walijua kuufanya.

Na kumbe Maandiko Matakatifu yamejaa wasokotaji. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 35, wanawake wenye ustadi walisokota kwa mikono yao nyuzi za rangi kwa ajili ya Hema ya Bwana. Mke hodari anayesifiwa katika sura ya 31 ya Mithali anashika kijiti cha kusokotea. Tobiti alipopofuka, Ana mke wake alilisha nyumba kwa kazi ya sufu na kufuma. Mhubiri, katika sura ya 4, anafundisha kwamba kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi. Aliyeandika vile alijua kupota. Yesu mwenyewe alipowaonyesha wanafunzi maua ya shambani yasiyosokota, hakudharau kazi ya wasokotaji. Aliwaponya wasikilizaji wake ugonjwa wa mahangaiko. Tena kuna simulizi la kale, lisilohesabiwa katika Biblia, linaloeleza kwamba Bikira Maria alikuwa akisokota uzi wa pazia la hekalu Malaika alipomjia. Kwa sababu hiyo, katika picha nyingi za Wakristu wa Mashariki, Maria anapashwa habari akiwa na uzi mkononi.

Tutazame pia altareni. Mshipi ambao Padri hujifunga juu ya alba ni kamba iliyopotwa. Ndani ya mshumaa wa Pasaka mna utambi wa nyuzi za pamba: nta peke yake haiwezi kutoa mwanga ulio thabiti. Rozari nyingi za vijijini ni mbegu ngumu za machozi ya Ayubu zilizotungwa katika uzi uliopotwa. Kwa hiyo uzi umo tayari katika sala zetu.

VI. UZI WA MTU HURU

Nchini India, pamba pia ilichukuliwa ikiwa ghafi na kurudishwa ikiwa nguo ya kigeni. Mahatma Gandhi aliwaomba wananchi wake wasokote nyumbani, naye mwenyewe akasokota siku zote, mpaka gurudumu la kusokotea likawekwa katika bendera iliyotungwa mwaka 1921. Hakufikiri kwamba mkono utashinda mashine kwa wingi wa uzi. Alitaka mtu aone tena kwamba mikono yake ni mali yake.

Na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Laborem exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Kipimo hicho tukikitia juu ya pamba, tunaelewa historia yetu yote. Pamba ileile, mti uleule, mikono ileile: penye moto wa jioni kazi ilikuwa kwa ajili ya mtu, katika shamba la lazima mtu aliwekwa kwa ajili ya kazi.

Leo, katika Ulaya na Marekani, watu wengi wenye mishahara na nguo za kutosha husokota nyumbani kwa kupenda tu. Wengine hutumia kijiti kama kile cha wazee wetu, wengine gurudumu la kukanyaga kwa mguu. Wanasema kazi hiyo hutuliza moyo. Kama wao, ambao viwanda vimewashibisha, wanarudia kijiti bila haya, sisi tunaona haya ya nini?

VII. SHAURI LETU

Hatusemi watu waache kununua nguo sokoni, wala kwamba uzi wa nyumbani utaondoa umaskini wa mtu. Tusidanganyane. Ukitaka kusokota ili upate mali, utachoka kabla kidonge cha kwanza hakijajaa. Tunasema tu kwamba familia ya kikristu inahitaji kazi moja isiyo na bwana, isiyo na bei na isiyo na haraka, ambayo baba, mama na mtoto wanaweza kuifanya pamoja wakizungumza.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza, kila shirika litafute mzee au mama mmoja anayejua bado kuchambua, kusokota au kupota juu ya paja, na vijana waketi karibu naye. Miti ya pamba miwili au mitatu nyuma ya nyumba yatosha. La pili, mshipi wa alba, utambi wa mshumaa na uzi wa rozari za watoto wa Komunyo ya kwanza vifanywe na mikono ya waamini wenyewe, na kuletwa pamoja na vipaji vya Misa. La tatu, mafundisho hayo yasitozwe fedha wala yasitolewe kama adhabu shuleni. Pamba imekwisha kuwa adhabu katika nchi hii; isiwe tena.

Na wale wanaotufundisha watatufundisha pia jambo ambalo hatuwezi kulisoma kitabuni. Uzi mmoja hukatika. Nyuzi mbili zilizozungushwa upande mmoja tu hazishikani. Zinashikana pale kila mmoja anapokubali kugeukia upande wa mwenziwe. Ndoa hudumu hivyo, shirika hudumu hivyo, na parokia iliyojaa makabila mbalimbali, kama hii yetu, imedumu hivyo mpaka siku ya Yubile.

Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa mikono yake, abariki kazi ya mikono yetu. Bikira Maria atuombee. Amina.